Kifyatulio Kipya kwa Mkono Mdogo

Mtu akisikia kwamba nimebadilisha kifyatulio cha bastola yangu ya shabaha, swali lake la kwanza huwa ni lilelile: sasa kimekuwa chepesi kiasi gani? Nalielewa swali hilo, kwa kuwa hata wauzaji wa vifaa hivi huutanguliza uzito, yaani nguvu inayohitajika kukivuta, kuliko sifa nyingine yoyote, na mnunuzi ambaye bado hajauzoea mchezo hudhani kwamba gramu zikipungua ndipo alama zitakapoongezeka. Nimefundisha fizikia hapa Tanga kwa muda wa kutosha kujua kwamba kitu kilicho rahisi kupimwa ndicho watu hukishikilia, hata kama hakielezi chanzo cha tatizo. Kifyatulio changu hakikuwa chepesi kwa kiasi cha kujisifia, na hata hivyo kimenisaidia kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kukinunua kwa ajili ya mchezo huu. Kwangu mimi jambo la kwanza ni mahali kidole kinapofika, la pili ni kile kinachotokea mara tu nyundo ya ndani, ile inayoifyatua risasi, inapoachiwa, na uzito huja nyuma kabisa.

Bastola yenyewe ni Ruger Mark IV Target, inayotumia risasi ndogo za .22. Kampuni ya Ruger ilianza mwaka 1949 huko Connecticut, Marekani, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa bastola ya .22, hii ya kwangu ni ya kizazi kilichotoka mwaka 2016, ambacho sifa yake kubwa ni kitufe kimoja cha nyuma kinachoiachia sehemu ya juu ikajitenga na fremu bila kugongwa wala kubembelezwa. Waliowahi kuhangaika kuyarudishia matoleo ya zamani baada ya kuyasafisha wanajua thamani ya kitufe hicho. Mtutu wake ni mnene, fremu ni ya chuma, na ukiinyoosha mbele hutulia mkononi bila kutikisika ovyo. Ila mpini wake umechongwa kwa kiganja kipana, nami kiganja changu ni chembamba na vidole vyangu ni vifupi, kwa hiyo kila nilipoushika mpini barabara, kidole cha shahada kilikifikia kifyatulio kwa ncha tu, karibu na ukucha.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na naomba msomaji anivumilie nikae hapo kidogo. Kidole kinachogusa kifyatulio kwa ncha hakivuti moja kwa moja kuelekea nyuma. Kiungo cha kidole hujikunja kwa tao, na ncha yake, ikiwa haijapata nafasi ya kutosha kwenye bapa la kifyatulio, husukuma kando wakati uleule inapovuta. Kwa anayetumia mkono wa kulia, msukumo huo huupeleka mdomo wa mtutu kushoto. Karatasi zangu zilikuwa zikilionyesha jambo hilo waziwazi: matundu yalijikusanya upande wa kushoto wa duara, na hayakukaa pamoja bali yalitawanyika kwa mlalo, mengine karibu na kati, mengine mbali.

Wenzangu wengine kiwanjani walinishauri nikizungushe kilengeo cha nyuma kuelekea kulia na kuyamaliza. Ushauri huo unatibu wastani na kuuacha mtawanyiko ulivyo, kwa sababu msukumo wa kando haulingani mara zote. Huongezeka mkono unapochoka, huongezeka jasho linapokuwa jingi, na huongezeka zaidi pale mtu anapojua kwamba risasi anayoipiga ndiyo ya mwisho katika mzunguko. Kilengeo hakiwezi kusahihisha kosa linalobadilika kila mara.

Hesabu yake ni nyepesi na nimeifanya ubaoni mbele ya wanafunzi, bila kutaja bastola, kama zoezi la pembetatu zinazofanana. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, katika mchezo wa bastola wa mita 25, zinaweka ukomo wa umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kuwa milimita 220. Duara la alama kumi katika sehemu ya kulenga kwa utulivu lina kipenyo cha milimita 50, maana yake kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 25. Gawanya 25 kwa 25,000, kisha zidisha kwa 220, utapata milimita 0.22. Kilengeo cha mbele kikipotoka kwa kiasi hicho tu kutoka mahali pake, ambacho ni kama unene wa karatasi mbili za daftari zilizolazwa pamoja, risasi inafika ukingoni mwa kumi. Kikipotoka kwa milimita moja kamili, inakwenda zaidi ya sentimita kumi na moja nje ya kati. Kidole kinachosukuma kando hakihitaji nguvu kubwa ili kuleta upotovu wa namna hiyo.

Sehemu ya pili ya mchezo ni kali zaidi. Huko shabaha hufunguka kwa sekunde 3 kwa kila risasi, kisha hufungwa kwa sekunde 7, na mpigaji hulazimika kuanza mkono ukiwa umeteremshwa kwa nyuzi 45. Ndani ya sekunde hizo 3 unainua mkono, unavipanga vilengeo, na kidole kinapaswa kuwa kimekwisha kuanza kukibana kifyatulio kabla mkono haujasimama. Hakuna nafasi ya kidole kutafuta mahali pa kukaa. Kama mahali pake hapakupatikana tangu mwanzo, hapatapatikana tena.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa silaha kule Ngamiani, mwenye leseni ya kazi hiyo, ambaye ujana wake aliumalizia katika karakana ya reli na ambaye mpaka leo hupima kila kitu kabla ya kukigusa. Nilikwenda na leseni yangu, na bastola ikiwa tupu ndani ya kasha lake lenye kufuli. Nalitaja hili kwa makusudi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeuweka umiliki wa silaha chini ya leseni, na silaha si redio ya kuachwa juu ya meza ya fundi yeyote wa mtaani ili aifungue kwa bisibisi aliyo nayo. Msomaji anayetaka kufanya kazi ya namna hii ajue kwamba mlango wa kuingilia ni huo, na hauna dirisha la pembeni.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Leo umekuja na nini?”

Nilimweleza kuhusu karatasi zangu na mtawanyiko wake wa mlalo. Hakuniuliza uzito. Aliithibitisha bastola kuwa tupu kwa macho na kwa ncha ya kidole chake kidogo ndani ya chemba, akanikabidhi, akaniambia niishike kama ninavyoishika kiwanjani na niulenge ukuta wa nyuma ya karakana. Halafu akaniomba chaki. Mwalimu hakosi kipande cha chaki mkobani, nami nilimpa. Akaipaka kwenye kidole changu cha shahada kuanzia ukuchani hadi kwenye kiungo cha kwanza, akaniambia nifumbe macho, niinue mkono, nikiguse kifyatulio mara moja tu na kukiachia. Nilipofumbua macho, alama nyeupe ilikuwa kwenye ukingo wa kulia wa bapa la kifyatulio, nyembamba, haikufika hata katikati.

“Mwalimu,” akasema, “bastola yako haina ugonjwa wowote. Kidole chako ndicho hakijafika nyumbani.”

Tulikubaliana kuagiza kifyatulio kingine, si seti nzima. Msomaji aelewe tofauti hiyo, maana pesa nyingi hupotea hapo. Ndani ya bastola ya aina hii kuna mnyororo mfupi wa vipande: kifyatulio chenyewe, ambacho huzunguka juu ya pini, mkono mwembamba unaobeba mwendo wake hadi nyuma, kishikizo, yaani kijino cha chuma kigumu kinachoizuia nyundo isianguke, na nyundo, ambayo ikiachiwa huigonga pini ya kupigia. Vipo viwanda vinavyouza seti ya vipande vyote hivyo kwa pamoja, kikiwemo cha Volquartsen cha Iowa, na seti hizo hupunguza uzito kwa kiasi kikubwa kwa sababu uzito hutokana hasa na jinsi kishikizo na nyundo vinavyokutana, pamoja na nguvu ya springi. Kifyatulio peke yake hupunguza uzito kidogo sana. Kinachobadilika ni umbo la bapa, umbali wake kutoka kwenye mpini, na urefu wa mwendo wake mbele na nyuma ya pale nyundo inapoachia. Mimi nilihitaji hayo tu.

Kipande kilipofika, kupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni na baada ya subira isiyo ndogo, kilikuwa cha alumini, bapa lake limenyooka badala ya kupinda kama la kiwandani, na kina matundu mawili madogo yenye skrubu zisizo na kichwa, ambazo hugeuzwa kwa spana ndogo yenye umbo la herufi L. Skrubu moja hupunguza mwendo wa awali, yaani ule mwendo mtupu ambao kifyatulio huenda kabla ya kuanza kukisukuma kishikizo. Ya pili huzuia mwendo wa ziada, yaani ule ambao kifyatulio huendelea nao baada ya nyundo kuanguka. Kwa mkono wangu skrubu ya kwanza ilikuwa na faida mbili, kwa kuwa ikikazwa hukirudisha kifyatulio nyuma kidogo na hivyo kukisogeza karibu na kidole. Kwa kujumlisha umbo la bapa na skrubu hiyo, tulipata milimita tatu na ushee. Asiyewahi kulenga ataona ni kidogo, lakini kwenye kidole ni tofauti kati ya ukucha na katikati ya nyama ya ncha.

Kazi ya kufungua ilikuwa ya kimyakimya na sitairefusha. Risasi zote zilibaki chumba kingine ndani ya sanduku lililofungwa. Mzee alitandika kitambaa cheupe, akaweka sahani ya bati yenye kingo, na kila kipande kilichotoka alikilaza humo kwa mpangilio uleule kilivyotoka, kushoto kwenda kulia. Pini ya kifyatulio alikuwa akiitoa akiwa ameiingiza fremu yote ndani ya mfuko wa plastiki unaoona, mikono yake ikiwa humohumo, kwa sababu nyuma ya kipande hicho kuna springi nyembamba iliyobanwa, na springi iliyobanwa ikipata upenyo huruka na kutafutwa hadi jioni. Nilipenda kumtazama. Alikuwa anaisukuma ile pini kwa kijiti cha shaba, si cha chuma, ili isiache mkwaruzo kwenye fremu.

Mahali ambapo nilitarajia tutumie tupa au msasa, hatukutumia. Kishikizo na nyundo hugusana kwenye eneo dogo mno, na ugumu wa chuma chao umewekwa kiwandani kwa pembe iliyokusudiwa. Mtu akipitisha msasa hapo ili kupata ulaini, anaweza kuibadilisha pembe hiyo bila kuona kwa macho, na bastola ikaja kuachia nyundo kwa kutikiswa tu. Mzee alivipangusa vipande hivyo viwili kwa kitambaa, akavitazama kwa lenzi chini ya taa, na kuvirudisha kama vilivyokuwa. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, na ninapoona watu wanapongezana kwa kung’arisha vishikizo nyumbani usiku, hofu hunishika.

Kuzirekebisha skrubu ndiyo kazi iliyotuchukua muda mrefu, na ndiyo ningependa ieleweke vizuri. Bastola inayojijaza yenyewe ina kitenganishi, ambacho kazi yake ni kukikata kifyatulio kutoka kwenye kishikizo baada ya kila risasi, ili nyingine isitoke mpaka kidole kiachie na kivute upya. Ukiikaza mno skrubu ya mwendo wa awali, unaiondoa nafasi ambayo kitenganishi kinaihitaji ili kurudi mahali pake. Matokeo yake yanaweza kuwa bastola inayokataa kupiga risasi ya pili, au jambo baya zaidi, kishikizo kinachokaa nusu nusu. Mzee alikuwa anajaribu hivi: anavuta kifyatulio na kukishikilia nyuma, anavuta chuma cha juu na kukiachia ili nyundo ijifunge, kisha anakiachia kifyatulio polepole sana huku ameinamisha sikio. Kuna mlio mdogo, mkavu, wa kitenganishi kurudi. Aliikaza skrubu robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi mlio ule ukapotea, akarudi nyuma hadi ukasikika tena, kisha akaongeza robo nyingine ya kurudi nyuma.

Nilimwuliza kwa nini asiiache pale pale mlio uliporudi, maana mwendo ungekuwa mfupi zaidi.

“Hapa mezani ni pasafi, Mwalimu, na bastola haijachafuka. Kiwanjani kuna mavumbi, kuna masizi, na zile risasi zako zina nta. Kifyatulio lazima kiachiwe kipumue.”

Nta aliyoitaja ni ile inayopakwa kwenye risasi za .22 ili zipite vizuri mtutuni. Hujikusanya ndani pamoja na masizi ya baruti, na baada ya risasi nyingi huwa utando mgumu. Kwa sababu hiyohiyo skrubu ya mwendo wa ziada haikuachwa ikigusa. Tuliikaza hadi nyundo ikakataa kuanguka, tukairudisha hadi ikaanguka, kisha tukairudisha nusu mzunguko zaidi. Mwendo wa ziada uliobaki unahisika kama unaujua upo, na hauhisiki kama huujui.

Kuhusu faida ya skrubu hiyo ya pili ningeweza kuandika kurasa kadhaa. Kidole kinapokuwa kinasukuma kwa nguvu ya karibu kilo mbili na kizuizi kikaondoka ghafla, nguvu hiyo yote huwa haina pa kwenda, na kidole hukitupa kifyatulio nyuma hadi kigonge fremu. Risasi wakati huo bado haijatoka mtutuni, au ndiyo kwanza inaanza safari yake. Kwa mkono mzito wa mtu mwenye misuli pigo hilo humezwa. Kwa mkono wangu lilikuwa linaonekana kwenye kilengeo cha mbele, ambacho kiliruka kushoto na chini kabla sijauhisi mrindimo. Baada ya kuzuiwa, kilengeo hukaa pale kilipokuwa nyundo ilipoachia, nami ninaweza kusema risasi imekwenda wapi kabla sijatazama darubini. Katika mchezo huu uwezo huo ndio shule yenyewe, kwani asiyeweza kuitaja risasi yake hawezi kujisahihisha.

Yalifuata majaribio ya usalama, na hapa kuna historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 2017 kampuni ya Ruger yenyewe ilitangaza kuziita zirudishwe bastola za Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo. Iligundulika kwamba kifyatulio kikivutwa wakati kitenzo cha usalama kimekaa katikati, hakijafunga wala kufungua sawasawa, bastola ingeweza isipige wakati ule, kisha ikapiga pale kitenzo kinaposogezwa kwenye nafasi ya kufyatua. Ya kwangu ni ya baadaye. Hata hivyo Mzee aliijaribu kana kwamba haaminiki hata mtengenezaji: akaifunga, akakivuta kifyatulio kwa nguvu, akakiachia, akaifungua, akaitazama nyundo, akarudia akiwa amekiweka kitenzo katikati, akarudia tena baada ya kuigonga fremu pande zote kwa nyundo ya plastiki, bastola ikiwa tupu na nyundo yake imejifunga. Nyundo haikuanguka mahali popote isipopaswa. Kifyatulio kipya kinaweza kulibadilisha jambo hili hata kama mtu hakukigusa kitenzo chenyewe, kwa kuwa vyote viwili vinakutana kwenye kishikizo kimoja, na ndiyo maana sikubaliani na wanaoishia kupima uzito na kuondoka.

Majaribio yote hayo yalifanyika magazini tupu ikiwa ndani, kwa kuwa bastola hii haiachii nyundo bila magazini. Wapo wanaokiondoa kipande kinacholeta kizuizi hicho wakati wa kubadilisha kifyatulio, wakisema kinaongeza msuguano. Ni kweli kwamba kinaongeza kidogo. Mzee aliniuliza mara moja tu kama nataka kiondolewe, nikamwambia kibaki, naye akaonekana kuridhika. Katika nyumba yenye watoto kizuizi hicho kina haki ya kubaki, na hakuna alama ambayo ingenifidia kwa kukikosa.

Juu ya kufyatua bila risasi kwa ajili ya mazoezi, nitasema kwa kifupi. Bastola za .22 hupigwa pembeni mwa kitako cha risasi, kwa hiyo pini ya kupigia ikikosa risasi inaweza kuugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Katika Mark IV kuna kipini kidogo cha kuzuia ambacho huisimamisha pini ya kupigia kabla haijafika hapo, na ndicho kinachoruhusu mazoezi hayo. Kikisahauliwa wakati wa kusafisha, ukingo hulika. Mimi hukihesabu kila ninapoifunga bastola.

Sasa uzito, kwa wale ambao wamesubiri hadi hapa. Kanuni za ISSF kwa bastola ya mita 25 zinataka kifyatulio kisipungue gramu 1000, wakati bastola ya hewa ya mita 10 inaruhusiwa kushuka hadi gramu 500. Upimaji wake hautumii mizani ya springi: huning’inizwa jiwe la uzito huo karibu na katikati ya kifyatulio, mtutu ukiwa wima, nalo huinuliwa kutoka juu ya meza, nyundo ikibaki imejifunga, umepita. Kabla ya kazi yetu kifyatulio changu kiliachia kwenye kilo 2.1, na baada yake kilo 1.9. Hayo ndiyo mabadiliko yote. Ninajua ningeweza kukishusha hadi karibu na ukomo kwa kununua kishikizo na nyundo vingine, na huenda siku moja nitafanya hivyo, lakini ningependa kwanza kidole kiizoee njia iliyonyooka kwa uzito huu. Uzito wa wastani hukifundisha kidole kubana kwa kuongeza taratibu. Uzito mdogo mno humzoesha mtu kugusa na kukimbia.

Kiwanjani tulianza kwa risasi moja ndani ya magazini, kisha mbili, msimamizi akiwa nyuma yangu. Mbili ndizo zinazoonyesha kama kitenganishi kinafanya kazi yake, na ni mbili tu ili, kama kuna hitilafu, isiyotarajiwa iwe moja na si tisa. Zilipotoka kila moja kwa wakati wake, tukaendelea na mizunguko ya risasi tano.

Mtawanyiko wa mlalo ulipungua siku hiyohiyo. Matundu yalisogea kuelekea kati, nikalazimika kukirudisha kilengeo cha nyuma kushoto, kwa kuwa huko nyuma nilikwisha kukisogeza kulia kwa ushauri ule ule. Mtawanyiko wa wima haukubadilika hata kidogo, na wala haukupaswa kubadilika. Huo ni wa pumzi yangu na wa bega langu, na hakuna kipande cha alumini kitakachoutibu. Kwenye sehemu ya sekunde 3 ndiko nilikopata faida kubwa zaidi. Mkono unapopanda, kidole hulikuta bapa lililonyooka mahali palepale, na mgandamizo huanza bila kusubiri amri.

Hewa ya Tanga nayo ina neno lake katika jambo hili. Unyevu wa bahari huingia kila mahali, na msimu wa kusi chuma kilichoachwa bila kupanguswa hupata madoa mekundu ndani ya muda mfupi. Bapa la alumini halishiki kutu, ila pini yake, springi na skrubu ni za chuma, na jasho la kidole lina chumvi yake. Hupaka oili nyembamba sana kwenye pini na springi kwa kijiti, kisha hupangusa kana kwamba ninataka kuiondoa, maana oili nyingi katika joto hili hunasa vumbi na nta na kugeuka gundi. Bapa lenyewe hulipangusa kwa kitambaa kikavu kati ya mzunguko na mzunguko, kwa sababu likilowa huteleza, na kidole kinachoteleza kinarudi kuvuta kwa ncha.

Skrubu zote mbili zilitiwa tone la gundi ya kuzuia nati zisilegee na kuachwa usiku kucha. Juu yake Mzee alichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, unaoanzia kwenye kifyatulio na kupita juu ya skrubu hadi upande wa pili. Skrubu ikigeuka hata kidogo mstari hukatika, na jicho huliona kabla ya kidole kuhisi. Ninautazama mstari huo kila ninapofungua kasha na kila ninapomaliza mazoezi.

Hivi karibuni mwenzetu mmoja kiwanjani, mwanamume mrefu mwenye bastola kama yangu, alitaka nimpeleke kwa Mzee akaagize kifyatulio kilekile. Nilimpaka chaki. Alama yake ilikaa katikati kabisa ya bapa la kiwandani, katikati ya nyama ya ncha ya kidole, mahali hasa inapotakiwa. Karatasi zake nazo zilikuwa zimetawanyika juu na chini, si kulia na kushoto. Nilimwambia asiagize kitu, asubiri, na kwa sasa tunafanya kazi ya kifundo cha mkono wake na jinsi anavyoubana mpini kwa vidole vitatu vya chini.